Mwanamume Asiyekuwemo

Mtoto aliyeitwa mara nyingi kuliko wote katika mtaa wa Cedar Knoll, mashariki ya mji wa Chattanooga, alikuwa Maurice, na Maurice hajawahi kuzaliwa. Gari jeupe la Idara ya Nyumba likikata tu kona ya kituo cha mafuta, mama yeyote aliyekuwa barazani kwake alipaza sauti, "Maurice! Njoo ule!" na mama wa jengo la pili akalipokea jina akalisukuma mbele, mpaka likafika nyuma kabisa ya mtaa, kule reli inakopita. Maurice akiitwa ale, wanaume ambao kwa mujibu wa mikataba hawakuwa wakiishi Cedar Knoll walitoka kwa milango ya nyuma, wengine na povu la sabuni masikioni, wakaenda kusimama kituo cha mafuta kama watu wenye shughuli na mafuta. Mkaguzi mmoja, mgeni kazini, aliwahi kuuliza kwa huruma kama huyo mtoto ana matatizo ya kula.

Verlene Tidmore hakuwa mpiga kelele, lakini alikuwa na masikio ya paa. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na ushei, mkunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hospitali moja mjini, mama wa binti mmoja, Keturah, na kwa miaka tisa alikuwa ameishi na mwanamume aitwaye Cleophus Batts, Clee kwa kifupi, pasipo mtu yeyote mwenye kalamu kulijua hilo. Wasio na kalamu walijua wote.

Kukaa kitako hakukuweza. Alikula amesimama, alitazama televisheni amesimama, sauti chini, na mlango wa gari ukifungwa huko nje mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye viatu vya Clee. Viatu vyenyewe vilikuwa vikubwa mno, kila kimoja kinatosha kulalia paka. Alivipitisha kwa Bi Ozella Pruitt, mjane wa mlango wa pili, ambaye marehemu mumewe alijulikana kuwa mtu wa miguu mikubwa. Marehemu alikuwa kaburini siku nyingi, ila viatu vyake viliendelea kubadilika kila baada ya muda, na soli zake kuchakaa.

Sababu ya mchezo huo haikuwa mapenzi ya siri. Kodi ya nyumba za Idara haitazami ukubwa wa nyumba. Inatazama mapato ya waliomo, na kuchukua karibu theluthi. Mshahara ukipanda, kodi inaupanda mgongoni. Kwa hiyo Cedar Knoll ilikuwa na elimu yake isiyofundishwa popote: nyongeza ya mshahara hukataliwa kwa adabu, na mwanamume mwenye kazi hupendwa kimyakimya. Clee aliendesha gari la kunyanyulia mizigo katika ghala la magodoro. Kumwandikisha kulikuwa kuipandisha kodi. Kutomwandikisha, akikamatwa, kulikuwa kutupiwa vyombo nje. Kati ya mabaya hayo mawili Verlene alichagua lile ambalo lilikuwa halijatokea bado, kama wafanyavyo watu wengi, zikiwemo serikali.

Kisha ukaja Mpango. Idara ilishikana mikono na shule ya watu wazima ya mjini: shule ilete walimu, Idara ilete ukumbi wa mtaa na wapangaji. Aliyejiunga alitaja malengo yake ya miaka mitano, yaani cheti cha sekondari, kazi ya maana, familia kujitegemea, na hapo ndipo palipokuwa na utamu. Mapato yake yakipanda, kodi ingepanda kama desturi, lakini ile nyongeza ingewekwa pembeni kwa jina lake, aje aichukue yote siku ya kumaliza. Watu wa Cedar Knoll waliipokea habari hiyo kama habari kwamba fisi amefunga mwezi mzima. Walitaka kwanza kumwona.

Verlene alijiunga kwa sababu ukumbi ulikuwa na dirisha linalotazama kona ya kituo cha mafuta. Ndivyo alivyomwambia Clee. Baadaye akagundua, kwa kuudhika kidogo, kwamba anapenda kusoma. Alikubali zamu za ziada kule hospitali, akiba yake ikaanza kunenepa, akafaulu mtihani wa kusoma na ule wa sayansi. Ikabaki hesabu.

Mratibu wa Mpango alikuwa Bi Loretta Swaim, mwanamke mpana mwenye miwani ya kamba na imani isiyotikisika katika binadamu na katika biskuti zake mwenyewe. Alikaa mlangoni mwa ukumbi kila jioni ya darasa, akimimina kahawa na kumuuliza kila mtu habari za malengo yake. Hakuwa mpelelezi. Hilo ndilo lililomtisha Verlene. Mpelelezi unamdanganya ukalala. Mtu mwema ukimdanganya anakuja na kukuuliza kama umelala.

Jumanne moja ya Septemba, Verlene akiwa mstari wa mbele anahangaika na sehemu zenye asili tofauti, mlango ulifunguka akaingia Clee. Alikuwa amechana nywele. Alikuwa na kalamu mpya nyuma ya sikio, bado ina kipande cha bei.

Darasa lilikuwa wazi kwa mji mzima, si kwa wapangaji peke yao. Hilo lilikuwa sharti la shule. Lakini hakuna aliyefikiri mji mzima ungemjumuisha yeye. Wanafunzi waliokuwemo, majirani wote, waliinamisha vichwa kwenye madaftari kama walioitwa kusali. Clee alimpa Bi Swaim jina lake kamili, akapokea biskuti, akatembea moja kwa moja mpaka kwenye kiti kilichokuwa kando ya Verlene.

"Samahani, dada," akasema. "Hapa pana mtu?"

"Kaa tu," Verlene akajibu bila kugeuka. "Kwani ni pangu?"

Mwalimu Pickard alikuwa mzee wa Kizungu aliyestaafu kazi ya kupima barabara, na kwa tabia ya kazi hiyo hakuona watu, aliona umbali kati yao. Aliona kwamba dada huyu ana nguvu katika sehemu na kaka huyu hana. Kwamba kaka anajua ujazo wa vitu kwa kutupa jicho, maana maisha yake yote amepanga magodoro, na dada hajui. Akawaweka pamoja wafundishane. Wakaketi hivyo jioni nzima, watu wanaotumia mswaki kutoka kikombe kimoja, wakiambiana "asante sana" na "bila samahani".

Nyumbani kulikuwa na maneno. Clee alieleza kwamba ghala linataka msimamizi wa zamu, kwamba msimamizi lazima awe na cheti, na kwamba amechoka kuwafundisha kazi vijana ambao kesho yake wanakuwa wakubwa zake.

"Na hukuweza kuniambia?"

"Ningekuambia ungesema nisije."

"Ningesema."

"Basi. Nimekupunguzia maneno."

Lililofuata hawakulitarajia. Bi Swaim, akiwatazama kutoka mlangoni wiki baada ya wiki, aliona mapenzi yakichipua. Aliona jinsi yule bwana anavyomsogezea dada kifutio kabla hajakiomba. Aliona jinsi dada anavyojua, sijui kwa kipaji gani, kwamba bwana hanywi kahawa yenye sukari. Akaanza kuwaachia biskuti mbili katika kisahani kimoja. Majirani walifurahi kupita kiasi. Tangu kebo ya televisheni ikatwe hawakuwa wamepata kitu kama hicho. Wakawa wanamsalimu Clee kwa heshima ya mgeni, wanamuuliza ametokea mtaa gani na kama huko kwao kunanyesha. Bi Ozella, aliyekuja darasani kwa ajili ya joto la ukumbi, alimkagua kutoka chini hadi juu mbele ya watu.

"Kaka, una miguu mikubwa hasa," alimwambia. "Kama ya marehemu wangu."

"Pole kwa msiba, Bi mkubwa."

"Nimeshapoa, mwanangu. Ila mpaka leo viatu vyake vinaniletea matope ndani."

Ni Clee aliyeona njia. Zamani, alisema, mimi nilikuwa hasara. Mshahara wangu ungeongeza kodi, ikaenda, ikapotea. Sasa uko ndani ya Mpango: mshahara wangu ukiongeza kodi, nyongeza inaingia kwenye akiba yako. Nimekuwa faida. Niandikishe. Verlene alimuuliza ataandikishaje mtu ambaye hayumo na tayari yumo. Clee akasema kwamba Bi Swaim mwenyewe ameshawafanya wachumba. Kilichobaki ni kukubali.

Hila ilikuwa nzuri ila ilikuwa na kasoro moja, na Verlene aliiona kabla Clee hajamaliza kujisifu. Mwanamume asiye na sura anaweza kujificha. Clee sasa alikuwa na sura, jina, kalamu, na mwanamke mwenye miwani ya kamba aliyemkunjulia uso kila akimwona. Akionekana asubuhi moja tu anatoka mlangoni mwa Verlene na kikombe mkononi, si uchumba tena, ni ushahidi. Kwa hiyo ilibidi ahame kwanza, ili apate kuhamia.

Alihama Jumapili, watu wakiwa kanisani. Vitu vyake vilienea kwenye kiti cha nyuma cha gari. Mtu wa kujificha halimbikizi. Nguo za kazi, mashine ya kunyolea, fimbo ya kuvulia samaki, picha ya mama yake. Keturah, aliyekuwa na miaka kumi na minne na aliyemwita Clee kwa jina tu kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia amwite nani, alisimama jikoni amekunja mikono.

"Kwa hiyo anahama ili ahamie," alisema.

"Ndiyo," mama yake akajibu.

"Na mimi ndiye naambiwa niende shule nikapate akili."

Clee akaenda kwa dada yake Delphine, ng'ambo ya kilima, kwenye kochi la chumba cha chini. Ingekuwa wiki mbili, tatu.

Verlene alikwenda ofisini kwa Bi Swaim na hotuba aliyoifanyia mazoezi mbele ya mashine ya kukaushia. Bi Swaim alifurahi mpaka akavua miwani. Kisha akaivaa tena, na Verlene akajua kuna jambo. Bi Swaim alisema kwamba amemwona yule bwana, na anaonekana mtu wa watu. Lakini ameona pia, katika kazi hii, wanawake waliopanda ngazi hatua kwa hatua, halafu akaja mwanamume mzuri wa miezi minne, akakaa kwenye ngazi. Hakumkataza. Alimshauri. Kulikuwa na darasa la wachumba, Jumamosi asubuhi, ukumbi uleule, bure, kwa ushirikiano na shule ileile. Wakilimaliza, yeye mwenyewe angepeleka jina la Clee kwa wakubwa na neno zuri juu yake.

Hivyo ndivyo Verlene Tidmore, aliyekuwa akimfulia mtu soksi tangu Keturah yuko chekechea, alivyopelekwa kusomea uchumba.

Wiki tatu zikawa miezi. Darasa la wachumba lilikuwa na mada kuhusu mawasiliano, mada kuhusu bajeti, na mada moja kuhusu wakwe ambayo Mwalimu Pickard, aliyeombwa kuifundisha kwa kukosa mtu, aliichorea mchoro. Clee alilimudu vizuri kuliko alivyotakiwa. Alipoulizwa angependa kumjua mwenzake katika lipi, alisema angependa kujua anapenda chakula gani, na darasa zima likajiuma midomo, kwani lilikuwa limenusa kambare wa Verlene akikaangwa kila Ijumaa ya Mungu na kumwona Clee akichagua mchuzi wa pilipili.

Lakini nyumbani hapakuchekesha. Verlene alidhani mwanamume akiondoka, hofu ingeondoka naye. Haikuondoka, ilibaki haina kazi. Gari likifunga mlango nje, mkono wake bado ulikwenda sakafuni na kukuta sakafu. Aliamka kabla ya kengele. Alizunguka nyumba ambayo kwa mara ya kwanza ilikuwa halali kabisa, kila aliyemo yumo, wala hakuona pa kukaa. Alifanya hesabu amesimama kwenye friji. Sehemu zote zilimtii sasa. Ujazo haukumtii, na mtu wa ujazo alikuwa ng'ambo ya kilima.

Na huko ng'ambo ya kilima, ndilo jambo lililomla, walikuwa wakimlisha vizuri. Delphine alipika mikate ya maziwa na soseji kila asubuhi. Delphine alikuwa na baraza ambalo mtu anaweza kukaa na shati la ndani akasalimiana na mtu wa posta. Verlene alipopiga simu alisikia mpira kwenye televisheni, sauti juu kabisa, na Clee akicheka. Miaka tisa hajamsikia Clee akicheka kwa sauti ile. Nyumbani kwake walicheka kama watu walio maktabani.

Jioni moja ya Februari alimuuliza wazi kama anasubiri au anastarehe. Atarudi lini?

"Kurudi wapi?" Clee akasema. "Mimi sijawahi kukaa huko. Waulize Idara."

Alisema kwa mzaha, na Verlene alijua ni mzaha, na alikata simu. Kwa sababu ndani ya mzaha ule kulikuwa na mlango ulio wazi, na mtu yeyote mwenye akili angeweza kupita akaenda zake. Clee hakuwa na deni lolote Cedar Knoll. Hakuwa na hata ufunguo; wa kwanza ulipopotea waliogopa kuomba wa pili.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya mwisho ya darasa. Wachumba wengine wote walifika, jozi nne, na Bi Ozella kwenye birika. Clee hakufika. Saa tatu ikapita, Mwalimu Pickard akatazama mlango, Bi Swaim akatazama saa, na Verlene akasimama dirishani akitazama kona ya kituo cha mafuta. Safari hii alikuwa akimtafuta mtu aje.

Bi Swaim alimfuata pale dirishani. Hakukusudia kumwaibisha, alikuwa na sauti ya watu wanaozoea kuzungumza kwenye kumbi. Alisema kwamba asivunjike moyo. Alisema afadhali kulijua hili mapema. Mtu anayekosa siku ya mwisho ya darasa, atakosa na siku nyingine.

"Miezi mitano sasa, binti yangu," alisema, "na unamjua wa darasani tu. Hujamwona akiumwa. Hujamwona akikosa kazi. Hujui hata kama anakoroma."

"Anakoroma akilalia ubavu wa kushoto," Verlene akasema.

Angeweza kunyamaza hapo, na labda ingepita. Lakini kitu kilichokuwa kimesimama ndani yake miaka tisa kilikuwa kimechoka kusimama.

"Namgeuza. Namgeuza kila siku ya Mungu, wala haamki. Nimemwona akiumwa, anakuwa mtoto mchanga. Nimemwona akikosa kazi, mwaka ule ghala lilipofungwa, akafua mashuka ya nyumba nzima nikirudi nikakuta yamekunjwa vibaya na nikayakunja upya yeye akitazama. Usiniambie simjui. Kama kuna kitu ninachokijua mimi bila darasa, ni huyo."

Bi Ozella aliweka birika chini.

"Anasema kwa mfano," akajaribu.

Bi Swaim alivua miwani, ikaning'inia kwenye kamba. Alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua anayo, kwamba amesikia, na hana namna ya kutosikia. Ofisi yake ilifungwa Jumamosi na Jumapili. Jumatatu ingefunguliwa asubuhi. Wakija wenyewe, wote wawili, kusema wenyewe, kuna kanuni ya watu wanaokuja wenyewe. Akilazimika kuwaita yeye, kuna kanuni nyingine.

"Wote wawili," akarudia. "Nyumba hainisemeshi mimi. Watu ndio wanisemeshe."

Hapo ndipo mlango ulipofunguka, akaingia Clee na shati la kazi, mikono ina grisi, akitabasamu. Lori la magodoro lilikuwa limekwama na hakuna mwingine wa kulishusha. Aliona nyuso, akadhani ni za kuchelewa kwake, akajitahidi kurekebisha mambo kwa njia aliyoijua.

"Samahanini sana," alisema. "Mimi ndiye mchumba."

Hakuna aliyecheka, na hapo akaelewa.

Waliongea nje, kando ya gari lake, maneno machache. Verlene alimweleza. Clee alisema, "Umesema ubavu wa kushoto?" na Verlene akasema ndiyo, na Clee akasema hata Delphine kalalamika. Kisha akaondoka kwenda kumalizia lori. Hakusema atakuja Jumatatu. Verlene hakumuuliza. Kuna maswali ambayo ukiyauliza umeshamfundisha mtu jibu la pili.

Jumapili alisafisha nyumba isiyo na uchafu. Alipiga simu kwa Delphine, akapokea Delphine mwenyewe, mwanamke asiyezunguka mbuyu. Alisema kaka yake ametoka kuvua, na kwamba yeye, Delphine, amemwambia ukweli: jina lake halimo popote. Hakuandika kitu, hakusaini kitu. Asipoonekana Jumatatu, hasara yote ni ya wifi yake. "Nimemwambia kama dada," alisema. "Usinichukie, wifi. Na wewe una kaka."

Verlene akamwambia hamchukii, na ilikuwa karibu na kweli.

Jumatatu alikuwa wa kwanza kwenye viti vya ukumbi wa Idara. Hakukaa. Waliofika baada yake walimpa nafasi ya kutembea. Jina lake liliitwa, akasema anamsubiri mwenziwe. Likaitwa la mtu mwingine. Likaitwa tena lake, akasema hivyohivyo, na msichana wa dirishani akamtazama kwa namna ambayo Verlene aliitambua, kwani na yeye aliwahi kuwatazama hivyo wanawake waliosubiri wanaume katika ofisi. Mara ya tatu alichukua mkoba akaenda peke yake. Alikuwa ameshafika mlango wa Bi Swaim alipomsikia nyuma. Huwezi kukosea hatua za miguu ile.

"Nimezunguka sana," Clee alisema. "Hakuna pa kuegesha gari."

Bi Swaim aliwaketisha, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na biskuti. Alieleza bila kupamba. Wakubwa ndio wataamua, lakini kwa waliokuja wenyewe huwa wanaamua hivi: kodi ya miaka yote ambayo bwana alikuwemo bila kuandikwa inahesabiwa upya. Akiba ya Verlene inamezwa yote. Deni linalobaki litalipwa kidogo kidogo, kila mwezi, pengine mpaka binti amalize shule. Nyumba haichukuliwi. Mpango ungeanza upya, toka sifuri. Na bwana anaandikwa.

Verlene alikwishaiaga akiba ile Jumamosi. Aliitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo nahitaji jambo moja," Bi Swaim alisema. "Ulihamia lini, Bwana Batts?"

"Aprili," Verlene akajibu upesi. Kila mwezi aliouondoa ulikuwa mwezi usiolipwa. "Mwezi wa nne, miti imeshachanua. Nakumbuka vizuri."

Clee alimgeukia. "Aprili ya wapi? Ilikuwa Desemba."

"Desemba ulikuwa unakuja na kwenda."

"Nilikuwa nakuja. Sikuwa nakwenda."

"Clee." Alimkanyaga chini ya meza, kwa nguvu. "Aprili."

"Verlene, ilikuwa baridi. Barafu imelala barabarani, magari hayapandi kilima, umeme hakuna."

"Bwana Batts," Bi Swaim alisema pole pole, "unaelewa kwamba ukisema Desemba, deni linakuwa kubwa zaidi?"

"Naelewa. Hesabu nimesoma kwenu." Alikuwa ameweka mikono mezani, ile mikono ya grisi. "Kuna siku Januari mtoto alishikwa na homa, macho yamegeuka meupe, simu haishiki, gari la hospitali halifiki. Nilimvisha koti langu nikateremka naye kilima kwa miguu, mpaka hospitali. Nilianguka mara kadhaa. Yeye hakuanguka." Akamgeukia Verlene, si Bi Swaim. "Sasa ukiandikisha Aprili, mtoto alibebwa na nani?"

Katika yote ambayo Verlene alikuwa ameyaficha, hilo hakujua kama amelificha. Alikuwa amemficha mtu kwa ustadi hata akakaribia kumfuta.

Nje ya mlango, watu waliokuwa kwenye viti walinyamaza ili wasikie vizuri. Walikuwa wamezoea kusikia wapangaji wakibishana na ofisi deni lipungue, na hii ilikuwa ngeni.

"Ilikuwa Desemba," Verlene alisema. Kisha akasita, akamtazama Clee kwa jicho la mtu anayetafuta kitu rafuni. "Hapana. Subiri. Ile sikukuu ya Shukrani ulikuja na bata mzinga mbichi, hujui kumpika, ukalala. Hukuondoka tena."

Clee alifikiri. "Kweli," akasema. "Yule bata mzinga."

"Novemba," Verlene akamwambia Bi Swaim. "Andika Novemba."

Bi Swaim, ambaye katika miaka yake yote kwenye kiti kile hajawahi kuona watu wakipandisha deni lao kwa mabishano, aliwauliza kama wana uhakika. Hawakumjibu. Walikuwa wameshaanza kubishana kama ilikuwa Alhamisi yenyewe ya sikukuu au Jumatano ya kuamkia, na ni nani aliyeunguza mchuzi.